Hivi gazeti likifungiwa, ni nani hasa anazuiwa kusoma?

Mzuka wa Mchikichini
Wakuu habari za jioni.

Jana nilikuwa nasaidia kuhamisha kabati la bibi, kuvuta droo ya chini nikakuta imetandikwa MwanaHalisi la zamani. Limekuwa la njano, limechanika kwenye mikunjo, ila linasomeka vizuri tu. Namuuliza bibi hili limetoka wapi, anasema alifungiwa nalo dagaa sokoni akaona karatasi bado nzima akatandikia droo. Nikacheka peke yangu maana gazeti hilohilo Julai 2012 lilifungiwa "kwa muda usiojulikana" na bibi wa watu miaka yote hiyo analo chini ya khanga zake.

Ndo nikaanza kuwaza. Nikikumbuka haraka haraka: Mwananchi siku 14 na Mtanzania siku 90 mwaka 2013, Mawio, Mseto miaka 3 mwaka 2016, Raia Mwema, Tanzania Daima, The Citizen siku 7 mwaka 2019 kisa habari ya shilingi kushuka. Kila mara serikali ikiguswa dawa ni hiyohiyo. Swali langu ni jepesi, wakifungia hivi huwa wanamzuia nani? Maana mimi sijawahi kukosa habari kwa sababu gazeti limefungiwa, na hata lisipofungiwa silinunui. Nataka kuelewa faida wanayopata.

Chizi Fresh
Gazeti lililofungiwa ndilo lililofungia dagaa 😂😂 Kiswahili hiki kitamu jamani. Nakaa siti ya mbele, karanga zangu ziko mkononi.

Meza ya Posta
Mtoa mada umegusa maisha yangu. Nimeuza magazeti miaka tisa, nawaambia nilichokiona kwa macho.

Tangazo la kufungia lilikuwa linatoka jioni, watu wanaliona kwenye taarifa ya habari ya saa mbili. Asubuhi saa kumi na moja nikienda kuchukua mzigo, gazeti lenyewe halipo, ila la toleo lililopita ninazo nakala kama kumi na mbili hazijanunuliwa, za kurudisha. Jana yake hakuna aliyezitaka, nilikuwa nimezikalia ili nisichafue suruali. Ikifika saa mbili asubuhi mtu na tai yake anakuja anauliza kwa sauti ya chini, "lile lipo?" Jero imekuwa buku mbili, saa nne imekuwa buku tatu, mchana nimebakiwa na moja tu nikaipeleka stationary kijana akanitolea kopi kurasa mbili zile zenye habari yenyewe, kopi shilingi mia nauza mia tano. Siku ile nilikula kuku.

Kesho yake wakapita jamaa wawili hawana sare, wakashika shika magazeti mezani, mmoja akaniuliza kama nina ya zamani. Nikamwambia mzee mimi nauza ya leo. Wakanunua Mwanaspoti wakaenda zao. Kopi zilikuwa ndani ya ndoo ya maji ya kunywa, nimefunika na kifuniko juu.

Kwa hiyo jibu langu, siku tatu za mwanzo wanawasomesha hata wasiosoma. Ila wiki ya pili biashara inakufa kabisa, wateja wa gazeti lile hawahamii gazeti lingine, wanaacha kupita mezani. Hilo watu hawalisemi.

Mdadisi Mkali
Nyie mnaongea kama magazeti yote ni malaika. Kuna vigazeti vinaandika uzushi mtupu, vinachafua watu, vinagombanisha dini. Serikali iangalie tu? Nendeni mkaulize Rwanda 1994 redio ya RTLM ilifanya nini, ilivyochochea watu wauane. Hakuna nchi inayoacha moto uwake halafu iseme ni uhuru wa maoni.

Mzuka wa Mchikichini
@Mdadisi Mkali hoja yako naikubali nusu. Lakini habari ya shilingi kushuka inagombanisha dini gani?

Wakili Kivuli
Mdadisi huo mfano wa RTLM umeubeba kichwa chini miguu juu. RTLM haikuwa inaikosoa serikali, ilikuwa ya watu waliokuwa karibu na madaraka. Halafu angalia walivyoshughulikiwa, kesi ilisikilizwa hapa hapa Arusha kwenye ICTR, mahakama ya kimataifa ya mauaji ya Rwanda, imeanza 2000, hukumu imetoka Desemba 2003. Miaka mitatu, mashahidi, mawakili, washtakiwa wanajitetea. Sisi huku ilikuwa ni waziri, karatasi moja na saini. Sheria ya Magazeti ya 1976 kifungu cha 25 ilimpa waziri uwezo huo, akiona yeye mwenyewe kwamba ni kwa maslahi ya umma basi imetoka.

Na waliokwenda mahakamani wengi walishinda. MwanaHalisi la 2012 Mahakama Kuu ilisema 2015 kwamba kulifungia hakukuwa halali. Mseto walikwenda Mahakama ya Afrika Mashariki wakashinda 2018. Sasa mtoa mada jiulize, ukishinda baada ya miaka mitatu unashinda nini? Waandishi wameshatawanyika, ofisi mwenye nyumba ameshampangisha fundi cherehani. Faida ya serikali iko hapo kwenye hiyo miaka mitatu.

Mwalimu wa Zamu
Tatizo hili ni la mkoloni, tumerithi. Watu wamesahau kwamba hata Nyerere alifungwa na Waingereza kwa sababu ya makala ya gazeti.

Babu Kitabu
Mwalimu wa Zamu nakusahihisha kidogo kijana wangu, hakufungwa. Ilikuwa 1958, makala ilitoka kwenye Sauti ya TANU, aliwasema wakuu wa wilaya wawili wa kizungu, akashtakiwa kwa kashfa. Alitiwa hatiani, hukumu ikawa faini shilingi 3,000 au miezi sita jela. Alilipa faini. Waliofungwa mwaka huohuo kwa uchochezi ni wahariri wa gazeti la Mwafrika. Usichanganye.

Na hapo ndipo panaponiuma. Yeye mwenyewe alishaonja, anajua kiti cha mshtakiwa kikoje. Lakini 1970 serikali yake ikataifisha gazeti la Standard, akamweka Frene Ginwala, mama wa Afrika Kusini, kuwa mhariri. Mwaka uliofuata wakaandika tahariri ya kumkosoa Rais Nimeiry wa Sudan kwa kuwaua wakomunisti. Si kumkosoa Nyerere, la hasha, Nimeiry, wa Khartoum huko! Mama akaondolewa. 1972 gazeti likaunganishwa na la chama likazaliwa Daily News. Huyo mama 1994 akaja kuwa Spika wa Bunge la Afrika Kusini mpya, sisi tulikuwa tumeshamwona hafai kuhariri gazeti.

Halafu ndipo ikaja hiyo sheria ya 1976. Kwa hiyo kumsingizia mkoloni ni sawa lakini si yote. Ukirithi panga la baba, si lazima ulinoe.

Mwalimu wa Zamu
Shikamoo mzee, nimepokea marekebisho. Ila bado nasema panga ni la mkoloni.

Babu Kitabu
Marahaba. Panga lake, mkono wetu.

Otis wa Kayole
Niaje wabongo, mkenya mmoja anapiga hodi.

Nyinyi mnafungiwa na waziri akiwa na karatasi, sisi tulitumiwa watu wamefunika nyuso. Machi 2006 usiku polisi waliingia gazeti letu la Standard, la Kenya si lenu, wakazima TV yao KTN, wakaenda kwa mtambo wa kuchapa huko Industrial Area wakachoma magazeti ya asubuhi. Waziri wa usalama wakati huo Michuki hakuficha hata, akasema ukimtikisa nyoka ujiandae kuumwa. Asubuhi hiyo babangu alikuwa anaenda job, anakumbuka watu wamejazana kwa vendor wanauliza Standard iko wapi, wengi wao ni watu wa Nation kila siku!

Lakini juu ya hiyo mambo ya karatasi, enzi za Nyayo, yaani Moi, hapa kulikuwa na jarida la kanisa linaitwa Beyond. 1988 waliandika vile kura za mlolongo ziliibwa, unajua ile ya kusimama nyuma ya mgombea halafu laini fupi inashinda. Likapigwa marufuku. Sasa mhariri akashtakiwa na nini? Kutopeleka ripoti za mauzo ya mwaka. Ati ripoti za mauzo! Hawakutaka kubishana naye kuhusu laini fupi na ndefu, wangeaibika. Wakatafuta fomu ambayo hakujaza.

Mimi naona hiyo ndiyo siri ya serikali zote. Hawakujibu, wanakutafutia fomu.

Wakili Kivuli
Otis hiyo ya fomu umeniua. Na sisi tunayo, The EastAfrican limeuzwa hapa Dar kama miaka ishirini, Januari 2015 ndo wanashtuka kwamba halijasajiliwa Tanzania. Miaka ishirini hawajaona! Halafu sheria mpya ya 2016 ikafanya fomu kuwa ya kila mwaka, leseni badala ya usajili wa moja kwa moja. Yaani zamani walikuwa lazima wakufungie, sasa wanaweza tu wasikuhuishie.

Chizi Fresh
Kwa hiyo leseni ya gazeti ni kama bima ya bodaboda, traffic akikupenda haiulizwi.

Usiku wa Dedline
Nimesoma kimya kimya nikaona niseme. Nilikuwa msanifu kurasa kwenye gazeti moja, sitalitaja, lipo au halipo haiwahusu.

Mnadhani walengwa ni wasomaji. Walengwa ni sisi tuliokuwa kwenye viti. Kuna usiku mmoja gazeti la wenzetu lilikuwa limefungiwa kama wiki mbili hivi. Sisi tulikuwa na habari ya mkataba fulani, imefanyiwa kazi mwezi mzima, nyaraka zipo, upande wa pili umepigiwa simu na umejibu. Ukurasa wa mbele nimeupanga mwenyewe, picha kubwa, kichwa cha habari maneno manne. Saa nne usiku mhariri anatoka ofisini kwake anasimama nyuma yangu, anaangalia skrini, hasemi kitu. Anaenda anapiga simu, anarudi, anasema weka Simba. Namuuliza Simba ipi, maana siku hiyo hawakucheza. Anasema weka Simba hata mazoezini. Nikaweka picha ya wachezaji wanakimbia kuzunguka uwanja. Ile habari ikaenda ukurasa wa sita aya mbili, jina la mkataba likaondolewa, kesho yake ikaondolewa kabisa "ikaongezewe nyama". Mpaka naacha kazi nyama haikupatikana.

Hakuna aliyetupigia kututisha. Nawaapia, hakuna. Mhariri alipiga simu kwa mwenye gazeti, basi. Wenzetu waliofungiwa walikuwa ndio barua yetu.

Mdadisi Mkali
Sasa hapo serikali ina kosa gani kama mhariri wako ni mwoga? Hakuna aliyemgusa.

Usiku wa Dedline
Mkuu nilikuwa na watoto wawili na kodi ya miezi sita. Na mimi ndiye niliyebonyeza kufuta, si mhariri.

Bint Mkunazini
Asalaam alaykum. Huku kwetu Unguja nyinyi wa bara hamkutukumbuka kama kawaida yenu. Sisi tulikuwa na Dira, gazeti la wiki, likitoka watu wakilingojea kama wanavyongojea mwezi. Baba yangu alikuwa halisomi peke yake, akilisoma barazani kwa sauti, wazee sita saba wakimsikiliza, nakala moja ile inaliwa na mtaa mzima. Mwaka 2003 likafungwa. Na mhariri wake akaambiwa si raia. Mtu mzima huyo, kafanya kazi serikalini, leo anaambiwa rudi kwenu!

Sasa hilo mimi ndilo ninaloliona baya zaidi kuliko kufungia. Gazeti ukilifunga utalifungua. Mtu ukimwambia huna kwenu, kila anayemsikia anaanza kukumbuka babu yake mwenyewe alishuka na jahazi gani. Zanzibar nani atapona kwa suala hilo?

Baba mpaka leo akimaliza kusoma gazeti la serikali hulikunja na kusema, "haya, tumeshajua nani kafungua semina."

Chizi Fresh
Hahaha mpe shikamoo mzee, nani kafungua semina 😂

Kapuku Mwenye Data
Wote mnakwepa hela. Gazeti haliishi kwa jero yako, linaishi kwa matangazo, na mtangazaji mkubwa nchi hii ni serikali na mashirika yake. Zabuni, nafasi za kazi, salamu za pongezi kurasa nzima. Nimefanya kazi kitengo cha masoko, matangazo yakisimama kimya kimya hakuna wa kumpeleka mahakamani, hakuna tangazo la saa mbili, hakuna balozi wa kutoa tamko. Kufungia ni kwa waziri asiye na subira tu.

Mwalimu wa Zamu
Au waziri anayetaka kuonekana kazini. Mkumbuke Agosti 2021 Uhuru, gazeti la CCM lenyewe, limesimamishwa siku 14 kisa wameandika kwamba Mama, Rais Samia, hana mpango wa kugombea 2025. Gazeti la chama tawala! Hapo mpinzani ni nani? Hiyo ni mtu wa chini anawahi kufurahisha wa juu kabla hajaulizwa.

Kapuku Mwenye Data
Hiyo ya Uhuru inavunja hoja yako ya mkoloni uliyoileta mwanzo bro.

Mwalimu wa Zamu
Haivunji. Mkoloni naye alikuwa na wa chini wanaowahi.

Mwana Buyenzi
Jambo ndugu zangu, mimi ni wa Buyenzi Bujumbura, Kiswahili changu mtanisamehe.

Kwetu watu wengi hawakuwa wakisoma gazeti, ni redio. Mei 2015 wakati wa jaribio la kupindua serikali, RPA, Bonesha, Isanganiro na Renaissance zilivunjwa zikachomwa. Si barua, ni moto. Nakumbuka asubuhi ile mama anazungusha kitufe cha redio, anasikia shhhh, anazungusha tena shhhh, inabaki redio ya serikali tu na muziki. Waandishi wengi walikimbilia Kigali. Baadaye wakaanzisha Inzamba na Humura, habari zinakuja kwa WhatsApp, sauti ya dakika kadhaa. Dada yangu alikuwa anasikiliza na kifaa cha masikio akiwa anachambua mchele, kisha anafuta kwenye simu kabla hajatoka nje.

Kwa hiyo mwenye uzi, wewe unauliza nani anazuiliwa. Mama yangu hana WhatsApp. Yeye ndiye alizuiliwa.

Mzuka wa Mchikichini
Ndugu yangu wa Buyenzi pole sana, na hapo umenirekebisha. Nilijiwaza mimi mwenye simu.

Otis wa Kayole
Mama ya Buyenzi amenikumbusha shosho yangu. Januari 30, 2018 siku Raila anajiapisha Uhuru Park walizima NTV, KTN na Citizen. Korti ikasema washa, wakakaa siku kadhaa bila kuwasha. Sisi vijana tuko YouTube tunaangalia kila kitu. Shosho ocha anaangalia chenga za TV anadhani ni antena, akatuma mtoto apande paa kuigeuza. Mtoto akaanguka akateguka mkono. Huyo mtoto nani amemhesabu?

Chizi Fresh
Jamani nilikuja kucheka, uzi umegeuka msiba.

Wakili Kivuli
Hebu angalieni jambo moja ambalo naona mmelipita. 2012 walifungia karatasi watu wakahamia mtandaoni. Oktoba 2024 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ikasimamisha leseni za mtandaoni za Mwananchi Communications siku 30, kisa video ya katuni kuhusu watu wanaotekwa na kupotea. Gazeti la karatasi likaendelea kuuzwa mezani kama kawaida! Yaani miaka kumi na mbili tu, karatasi imekuwa kitu ambacho hakimtishi mtu. Kama mtoa mada unataka kujua wanamzuia nani, angalia wanafungia nini mwaka huo, ndipo wanapoona watu walipo.

Meza ya Posta
Wakili hiyo ndo sababu niliacha meza nikaanza kuuza vifuniko vya simu. Wakati Februari 2022 Nape, waziri wa habari wa wakati huo, anayafungulia yale manne, MwanaHalisi, Mawio, Mseto na Tanzania Daima, wenzangu waliobaki walipiga makofi, mimi nikawauliza nani anakuja kununua. Mteja wangu wa tai sikumwona tena.

Mdadisi Mkali
Si ndo hapo sasa! Wamefunguliwa. Serikali ikikosea inarekebisha, mbona hilo hamliandiki kwa kirefu kama hayo mengine?

Bint Mkunazini
Mdadisi mwanangu, mtu akikukanyaga mguu miaka mitano kisha akaunyanyua, utamwandikia shairi?

Mdadisi Mkali
Mama wewe nimekuheshimu, sijibu.

Usiku wa Dedline
Mimi niliitwa kurudi kusanifu moja kati ya hayo ya kufunguliwa, sitasema lipi. Programu tuliyokuwa tunatumia haifunguki kwenye kompyuta mpya, mafaili ya kichwa cha gazeti hakuna aliyeyatunza. Nilienda kutafuta nakala ya zamani nipige picha nembo.

Mzuka wa Mchikichini
Mkuu kama ni la hili ninalo! Ukurasa wa mbele mzima, kona ya kulia tu ndo ina doa la mafuta ya dagaa.

Babu Kitabu
Mzuka hebu tupigie picha tarehe ya juu, nataka kujua ni toleo lipi kabla hatujaendelea kubishana.

Mzuka wa Mchikichini
Wakuu samahani, nimetoka kumpigia bibi. Leo asubuhi ameona droo iko wazi mbao tupu akaogopa mende, ameshatandika kalenda ya benki. Lile gazeti anasema amempa jirani wa vitumbua. Natoka sasa hivi nikamuwahi.

Chizi Fresh
Kimbia mzee, saa hizi mafuta yameshachemka.